Kabla Hujasema Kinda Huyu wa Besiboli Amefeli

Nina daftari la jalada la bluu, kurasa mia mbili, ninaloandika habari za vijana wa besiboli waliopigiwa zumari wakiwa bado shuleni, kisha wakapotea. Nililianza miaka minne iliyopita. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka kumi na moja, na watu hapa Arlington, Texas, walikuwa wameanza kunishika mkono nje ya uwanja na kuniambia, "Mama, huyu atafika mbali." Leo ana kumi na tano, ni mrushaji wa timu ya shule, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji, na maneno yale yamezidi. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Nimekulia kwenye rede na kwenye mpira wa miguu wa kaka zangu. Besiboli nilifundishwa na mzee jirani yetu, barazani kwake, redio ikiwa katikati yetu, na yeye ndiye aliyenipa jina la kwanza la kuandika daftarini.

Wazazi wenzangu hunipigia simu, Watanzania, Wakenya, Wakongo. "Dada, skauti, mtu wa timu anayetafuta vipaji, amekuja kumtazama mwanangu, nifanyeje?" Jambo la saa tatu halijibiki kwa simu ya dakika tano. Kwa hiyo naeleza hapa ninavyoisoma safari ya kinda, tangu siku anapotajwa hadi siku anapoacha. Ukishawasoma vizuri wale waliopotea, utajua la kumuuliza mtu anayekuja nyumbani kwako na karatasi ya kusaini.

Chora safu tano

Kijana mmoja, ukurasa mmoja. Safu ya kwanza tarehe, ya pili umri wake siku hiyo, ya tatu ngazi aliyochezea, ya nne alichofanya, ya tano nani alinufaika. Nne za kwanza utazijaza kwa nusu saa, maana takwimu za besiboli zimewekwa wazi kwenye intaneti hadi za wachezaji waliokufa zamani. Ya tano itakuchukua siku kadhaa. Hakuna jedwali lolote linaloiandika, unaiokota mwenyewe kwenye habari za magazeti.

Kuhusu ngazi, jua hivi. Kila mwaka timu za ligi kuu huchagua vijana kwa zamu, na shughuli hiyo huitwa drafti. Aliyechaguliwa kwa kawaida haendi ligi kuu. Hupanda ngazi za chini: Single-A, High-A, Double-A, Triple-A, na wengi huchukua miaka mitatu, minne, hata sita. Huko ndiko wanakojifunza, maana kosa la Double-A halimuumizi mtu. Ukiona safu yako ya tatu imeruka ngazi, weka alama ya wino mwekundu hapo hapo.

Sasa mchukue David Clyde ujifunzie, kama mzee alivyonifanyia mimi.

Clyde alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto wa shule ya Westchester, Houston. Mwaka wake wa mwisho shuleni alishinda michezo 18 na hakupoteza hata mmoja. Juni 1973 timu yetu ya hapa, Texas Rangers, ilimchagua wa kwanza nchi nzima. Ilikuwa imehamia Arlington kutoka Washington mwaka mmoja tu uliotangulia, na ilikuwa timu dhaifu. Msimu ule wa 1973 ilikuja kupoteza michezo 105. Viti vilikuwa vitupu na mwenye timu, Bob Short, alikuwa anahitaji watu. Tarehe 27 Juni, wiki tatu tu baada ya drafti, Clyde alipanda kwenye kichuguu cha mrushaji wa ligi kuu. Alikuwa na miaka 18. Hakukanyaga Single-A, hakukanyaga Double-A, hakukanyaga popote.

Mzee jirani alikuwepo usiku ule, mtoto wa darasa la tano, na baba yake. Anasema magari yalisimama barabarani hadi mchezo ukacheleweshwa kuanza ili watu wafike. Walihesabiwa watazamaji 35,698, uwanja ukajaa kwa mara ya kwanza tangu timu ije. Wapigaji wawili wa kwanza wa Minnesota Twins Clyde aliwapeleka kituo cha kwanza bure, kwa mirusho iliyotoka nje ya eneo. Watatu waliofuata akawatoa mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja wao kuupiga mpira ukaingia uwanjani. Mzee anaposimulia sehemu hiyo husimama.

Alirusha iningi tano, yaani awamu tano kati ya tisa za mchezo. Aliruhusu mpigo mmoja tu, akawatoa wapigaji 8 kwa mirusho, akawapa 7 kituo cha bure. Rangers walishinda 4 kwa 3.

Hapa ndipo penye somo la kusoma takwimu za kinda. Magazeti yaliandika ile 8. Wewe iangalie ile 7. Wapigaji wanaotolewa wanakuonyesha nguvu ya mkono, na mkono ni zawadi ya Mungu. Wapigaji wanaopewa njia ya bure wanakuonyesha ambacho kijana bado hajafundishwa. Namba hizo mbili zikikaribiana, huyo ni mwanafunzi, hata kama mpira wake unapita kama risasi. Mrushaji aliyeiva huwatoa wawili, watatu na zaidi kwa kila mmoja anayempa bure.

Mpango uliosemwa ulikuwa acheze mara mbili nyumbani, kisha ashushwe akajifunze. Lakini alipopangwa watu walikuja kwa wingi, na hakushushwa. Kwenye safu yangu ya tano niliandika: mwenye timu, tiketi. Kwetu tunajua embe la kuvundikwa. Unalifukia kwenye majivu likiwa bado gumu, baada ya siku chache ganda lina manjano ya kupendeza, ukilikata ndani ni jeupe na chachu. Embe halina kosa.

Bega likaanza kuuma, akafanyiwa upasuaji 1976, akabadilishwa kwenda Cleveland, na mwaka 1979 akarusha mpira wake wa mwisho wa ligi kuu akiwa na miaka 24. Ushindi 18, kushindwa 33. Na jambo moja lilinifanya niweke kalamu chini: wakati ule mchezaji alihitaji miaka minne ya huduma ili apate pensheni, na Clyde alipungukiwa siku 37. Kwa hiyo ongeza mstari chini ya ukurasa, nje ya zile safu: aliondoka na nini? Kwa kila mchezaji utakayemwandika, ujaze.

Soma mkataba kabla ya kushangilia kiasi

Arlington imetoa mwingine, na huyu kila mzazi anayezungumza na wakala angepaswa kumjua. Todd Van Poppel, mrushaji wa shule ya Martin, hapa hapa mjini. Mwaka 1990 skauti walimwona kuwa kijana bora kuliko wote. Atlanta Braves walikuwa na chaguo la kwanza na walimtaka. Akawaambia anakwenda Chuo Kikuu cha Texas. Wakamwacha, wakamchukua kijana wa Florida aitwaye Chipper Jones, ambaye mwaka 2018 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Watukufu wa besiboli. Oakland walimchagua Van Poppel wa 14, na akasaini nao mkataba wa dola milioni 1.2.

Haukuwa mkataba wa kawaida wa kinda. Ulikuwa wa ligi kuu, maana yake jina lake liliingia moja kwa moja kwenye orodha ya wachezaji 40 wa timu. Hili lieleweke vizuri. Mchezaji aliye kwenye orodha hiyo timu inaweza kumshusha ligi za chini bila tatizo katika misimu mitatu tu. Misimu hiyo ikiisha, kabla ya kumshusha ni lazima atangazwe kwa timu nyingine zote, na yeyote anaweza kumchukua. Kinda wa kawaida huingia orodhani baada ya miaka minne au mitano ya kujifunza, ndipo saa yake inaanza kuhesabu. Ya Van Poppel ilianza siku aliyosaini, akiwa na miaka 18. Septemba 1991 alirusha ligi kuu akiwa na miaka 19, na baadaye ikabidi ajifunzie huko huko juu, mbele ya watu, dhidi ya wapigaji bora wa dunia.

Fedha ile ilikuwa halali yake na simlaumu mzazi yeyote kwa kuipokea. Ninachosema ni kwamba ukurasa wa mkataba wenye heshima kubwa ndio uliomnyima muda. Kuanzia 2012 ligi ilizuia vijana wa drafti kupewa mikataba ya aina hiyo.

Na usimfungie ukurasa mapema. Takwimu zake za jumla ni ushindi 40 kwa kushindwa 52, lakini aliendelea kucheza hadi 2004, na mwaka 2001, akiingia mwishoni mwa michezo kwa Chicago Cubs, aliruhusu wastani wa alama 2.52 tu kwa kila iningi tisa. Alikuwa na miaka 29. Nikiiona namba hiyo, najiuliza angekuwa nani kama angepewa ile miaka minne ya chini.

Usimpime kwa aliyechaguliwa baada yake

Hili ni kosa la kila barua ya msomaji magazetini, na mimi mwenyewe mwanzoni nilikuwa nalifanya. Mwaka 1966 New York Mets walimchagua mdakaji Steve Chilcott wa kwanza, Reggie Jackson akachaguliwa wa pili. Jackson alipiga mipira 563 ya kuvuka ukuta. Chilcott aliumia bega na hakufika ligi kuu hata siku moja. Watu huwaweka pamoja kana kwamba Chilcott alimwibia mtu nafasi. Alikuwa na miaka 17, hakujichagua. Kama ni hesabu ya makosa, iandike kwenye ukurasa wa timu.

Brien Taylor naye hutajwa hivyo, na ukurasa wake ndio mzito kuliko zote nilizonazo. Alitoka Beaufort, North Carolina, mji mdogo wa pwani. Mama yake, Bettie, alikuwa akichambua kaa kiwandani. Kwa sisi wa pwani hiyo kazi tunaijua, vidole vinavyokatwa na magamba, chumvi inayoingia kwenye mikato. New York Yankees walimchagua wa kwanza 1991, na yule mama alikataa kiasi cha kwanza walichotaja. Alitaka mwanawe alipwe kama alivyolipwa kijana wa Texas mwaka uliotangulia, yaani Van Poppel wetu. Hakuyumba. Mwishowe Taylor alisaini kwa dola milioni 1.55.

Alianzia High-A, mwaka uliofuata akapanda Double-A, bila kukimbizwa ligi kuu. Safu yangu ya tatu kwake ina wino mwekundu pale mwanzo tu. Kisha Desemba 1993, akiwa nyumbani kwa mapumziko, kaka yake aliingia kwenye ugomvi, Taylor akaenda kumtetea, na bega la kushoto, lile la kurushia, likachanika. Alifanyiwa upasuaji, akarudi, mpira haukurudi naye. Hakucheza ligi kuu hata mara moja.

Kwenye safu ya tano nimeandika: hakuna. Kuna safari ambayo utatafuta mwenye hatia usimpate, na usimtengeneze. Ningekuwa mimi yule mama, ningetaka mwanangu mmoja amwache nduguye apigwe? Nimejiuliza mara nyingi nikirudi alfajiri kutoka kazini, na jibu langu bado ni lile lile.

Yatazame mapengo

Ukimaliza kujaza tarehe, pitisha kidole chini polepole. Mwaka unaorukwa una habari. Mara nyingi ni kiwiko au bega. Ule upasuaji wa kiwiko unaoitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974, humweka mtu nje mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo pengo la msimu mmoja na nusu karibu linajieleza lenyewe.

Mfano mzuri ni Jurickson Profar, mtoto wa Curaçao. Septemba 2012, akiwa na miaka 19, aliingia Rangers na zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga iliisha kwa mpira kuvuka ukuta. Msimu uliofuata wataalamu walimtaja kuwa kinda namba moja wa besiboli yote. Halafu 2014, pengo. 2015, pengo. Bega. Nakumbuka mazungumzo ya hapa mjini wakati ule, watu walimwita hasara. Alihama timu baada ya timu, Colorado wakamwacha 2023. Mwaka 2024, akiwa na miaka 31, alichaguliwa kwenye mchezo wa nyota akiwa San Diego, na akapiga mipira 24 ya kuvuka ukuta. Mwaka uliofuata alifungiwa michezo 80 kwa dawa zilizokatazwa. Vyote viwili vimo ukurasani, na sijui ni lini nitaandika mstari wa mwisho.

Kuna mapengo ambayo si ya mwili. Josh Hamilton, wa kwanza wa drafti ya 1999, alipotea miaka kwa dawa za kulevya, akafika hapa kwetu, na 2010 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Matt Bush, wa kwanza wa 2004, alimgonga mzee mwenye pikipiki akiwa amelewa, akakaa gerezani zaidi ya miaka mitatu, akaanza ligi kuu na Rangers 2016 akiwa na miaka 30. Kwa Bush niliongeza safu ya sita: nani aliumizwa. Watu hupenda hadithi ya aliyerudi, na mimi nafurahi akirudi, lakini yule mzee wa pikipiki asifutwe ili hadithi ipendeze.

Vijana wanaotajwa kwa kundi, wape kila mmoja ukurasa wake. Rangers walikuwa na warushaji watatu walioitwa DVD kwa herufi za majina yao: Danks, Vólquez, Diamond. Danks alikwenda Chicago White Sox akadumu. Vólquez alibadilishwa kwa huyo Hamilton, na 2015 akapata pete ya ubingwa na Kansas City. Thomas Diamond alicheza michezo 16 ya ligi kuu, yote mwaka mmoja. Jina lilikuwa moja, mabega yalikuwa matatu.

Nenda ukawaone

Karatasi haitoshi. Timu ya Double-A ya Rangers iko Frisco, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu kukiwa na foleni, na tiketi haina bei ya kutisha. Mimi huenda nikiwa sina zamu ya usiku, tunakaa kwenye nyasi na mwanangu. Simwangalii mtu anayeshika mashine ya kupima kasi. Namtazama mrushaji baada ya mambo kumharibikia: mpira umevuka ukuta, mpigaji anayefuata amesimama, je, anaharakisha au anavuta pumzi? Anapozidiwa kwenye hesabu ya mirusho, anathubutu kurusha mpira wake wa pili, ule wa taratibu, au anakimbilia nguvu tu? Kati ya iningi anazungumza na nani? Mara mbili nimeona kijana akijishika kiwiko akiwa amelipa mgongo benchi la timu yake, ili kocha asione. Niliandika tarehe. Mmoja wao hakuonekana tena msimu ule.

Kumbuka pia wanavyoishi. Kwa makubaliano ya 2023, mshahara wa chini wa Double-A mwaka huo ulikuwa dola 30,250. Wa chini kabisa wa ligi kuu mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000. Kati ya namba hizo mbili kuna ngazi moja tu, na ndiyo maana yule kijana anaficha kiwiko.

Halafu mwanao

Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa mwanangu, na ndio pekee ninaojaza kila wiki. Ligi kuu na shirikisho la besiboli la Marekani wametoa mwongozo uitwao Pitch Smart, uuchapishe uubandike kwenye friji. Kwa umri wa miaka 15 na 16, mwisho ni mirusho 95 kwa siku. Akirusha 31 hadi 45, apumzike siku moja. 46 hadi 60, siku mbili. 61 hadi 75, siku tatu. 76 na kuendelea, siku nne. Na kwa mwaka mzima, apate angalau miezi minne asiyorusha mashindanoni. Hesabu mwenyewe, kwa kidude cha kubonyeza cha bei ndogo au kwa mistari kwenye karatasi. Usitegemee mtu mwingine ahesabu, hasa kama kijana anachezea timu mbili, ya shule na ya wikendi, maana kila kocha anahesabu mirusho yake tu na bega ni lile lile.

Jumamosi iliyopita alirusha 58. Jumapili asubuhi kocha mmoja wa mashindano alinipigia kuomba aje arushe iningi mbili tu, timu imepungukiwa, na kuna skauti watakuwepo. Nilimsikiliza hadi mwisho kwa heshima. Nikamwambia arudie ombi lake Jumanne. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na begi begani, ameshavaa viatu. Tulikwenda kwa mzee, tukakaa barazani, tukasikiliza Rangers kwenye redio, na zile iningi tisa zote hakuniangalia usoni. Nimeiandika tarehe, umri wake, ngazi, na mirusho: sifuri. Safu ya tano bado sijaijaza.